Fungu la Shangazi Rukia kwenye Pleistesheni

Siku ya hitma ya baba yangu mdogo, Swedi, msemaji wa familia alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu ndiye aliyewafungulia watoto wa Biharamulo mlango wa kompyuta. Sisi wanawake tulikuwa uani, chini ya turubai, tumekaa kwenye majamvi tukisikiliza kwa spika. Wenzangu waliitikia kwa huzuni. Mimi nilivuta mtandio nikafunika mdomo, na jirani yangu akanipapasa mgongoni akidhani nalia. Nilikuwa nacheka, kicheko kile kikavu kinachomtoka mtu akisikia uongo mkubwa unasemwa kwa sauti ya kusomea dua.

Najua watu hawapendi marehemu asemwe. Mimi pia sipendi asemwe, hasa kwa mambo ambayo hakuyafanya.

Kisha umeme ulikatika, spika ikanyamaza, na vijana wakawasha jenereta nyuma ya ukuta. Harufu ya petroli ilipotufikia, imechanganyika na vumbi lililopata moto, nilirudi kuwa mtoto wa darasa la nne, nimesimama mlangoni mwa chumba cha gemu, navuta harufu ileile na kuamini kila nilichoambiwa.

Nyumba yetu ina chumba cha mbele kinachotazama barabara. Babu, aliyefika Biharamulo akiwa kijana mwenye mzigo wa kanga na chumvi, alikifanya duka, na duka liliendelea mpaka alipofariki. Miezi michache baada ya mazishi, Swedi alitumwa Mwanza kununua sukari na mafuta ya kupikia. Alirudi bila sukari. Alirudi na televisheni kubwa na pleistesheni, ile ya mwanzo, nene, nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Rafu za Babu zikatolewa nje, mabenchi yakaingizwa, na jenereta ambalo mtu alilitoa Lukole wakati kambi za wakimbizi zilipofungwa likawekwa uani kwa ajili ya siku za giza. Chumba kikajaa wavulana wanaocheza mpira wa kwenye kioo na kutukanana.

Kuanzia hapo Swedi aliagiza aitwe Injinia. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ufundi wake wote ulikuwa kuchomoa waya, kupuliza tundu na kuuchomeka tena. Ikishindikana, lawama zilikwenda kwa shirika la umeme. Akiulizwa jambo asilolijua, yaani kila alipoulizwa jambo, alijibu, "Hilo ni la kitaalamu," akatazama barabarani. Na mimi nilimwita Injinia kwa fahari kubwa, shuleni nikajisifu kwamba baba yangu mdogo anatengeneza watu wadogo wanaocheza ndani ya televisheni.

Shangazi Rukia alikuwa mtoto wa mwisho wa Babu. Babu alipofariki, yeye alikuwa chuoni Dar es Salaam akisomea kompyuta. Kikao cha ukoo kilimchagua Swedi kuwa msimamizi wa mirathi kwa sababu alikuwa na sauti kubwa kuliko wote na kwa sababu baba yangu, aliyekuwa mkubwa, hakutaka usumbufu. Baba alikuwa akipeleka samaki wakavu Ngara, mpaka kule Kabanga mpakani, na kila mtu alimsifu kuwa ni mtu wa amani. Kwa familia yetu, mtu wa amani ni yule anayejua haki iko wapi na anaondoka kabla hajaulizwa. Swedi akatangaza kwamba kumsomesha msichana ambaye mwisho wa yote ataolewa ni kumwaga maji mchangani. Ada ikakatika. Shangazi akarudi na begi moja la nguo, kibodi iliyoviringishwa kwenye kanga, na diski moja ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Hakuwa mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari zake hutaka awe mpole, wapate kumwonea huruma kwa raha. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na makali, na ukimuuliza swali la kijinga alikutazama mpaka ukalijibu mwenyewe.

Asubuhi moja ya likizo, wavulana hawajafika, Swedi alikuwa amejilaza kwenye benchi na miwani yake usoni. Mimi nilikuwa nafagia.

"Swedi," Shangazi alisema, "hii mashine yako inakubali kuwekewa mfumo mwingine."

"Mfumo gani?"

"Wa kompyuta. Ni mfumo huria, unaitwa Linux. Hauuzwi, mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Gemu zako hazitaguswa. Ukitaka gemu unawasha gemu, nikitaka kompyuta nawasha kompyuta."

Swedi alifikiri, au alikaa kimya kwa muda ambao mtu mwingine angeutumia kufikiri. "Hilo ni la kitaalamu," alisema. "Ila usiniharibie mpira wangu."

Shangazi alichomeka kibodi, akatumbukiza diski, akaingia kwenye mipangilio ya mashine. Nilisogea karibu na ufagio wangu.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nagawa. Ndani humu kuna nafasi ya kuhifadhia vitu. Sehemu kubwa inabaki ya gemu za Swedi. Hii ndogo ni yangu."

Hapo nilielewa kila kitu, kwa jinsi mtoto anavyoelewa. Tangu Babu afariki, kugawa lilikuwa neno la nyumba yetu. Lilisemwa kwa sauti ya chini jikoni, lilisemwa kwa ukali barazani, na likitajwa sisi watoto tulifukuzwa. Madrasa nilikuwa nimesikia kwamba mtoto wa kike anapata nusu ya anachopata kaka yake. Sasa nikaona kwa macho yangu: sehemu kubwa ya Swedi, ndogo ya Shangazi. Kumbe mirathi ilikuwa imegawanywa, na fungu lake lilikuwa limewekwa humo ndani, kwenye pleistesheni, mahali salama.

Nilikimbia uani. Bibi, mama yao wote watatu, alikuwa anachambua mchele.

"Bibi, Shangazi amepata fungu lake."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Fungu lipi? Liko wapi?"

"Kwenye pleistesheni. Dogo, ila ni lake."

Bibi alinitazama sana. Kisha akaendelea kuchambua mchele, na siku ile hakuzungumza na mtu tena mpaka jioni. Nilidhani amefurahi.

Niliporudi chumbani, kioo kilikuwa cheusi na maandishi meupe yalikuwa yakipanda kwa kasi. Juu kabisa walikaa ndege wawili wanene, weusi, wenye vifua vyeupe, wametulia kama wanaosubiri chakula.

"Hao kunguru wanafanya nini?"

"Si kunguru. Wanaitwa pengwini. Wanaishi kwenye barafu."

Sikumwamini. Kunguru wa kifua cheupe nilikuwa nawaona kila siku juu ya paa la machinjio, na barafu niliyoijua mimi ilikuwa ile ya kuuza kwenye vifuko. Niliamua kwamba wale wawili ni walinzi wa fungu la Shangazi, na kila asubuhi nilikwenda kuhakikisha bado wapo.

Baada ya hapo chumba kilikuwa na maisha mawili. Mchana na jioni kilikuwa cha wavulana. Asubuhi, kabla hawajaja, kilikuwa cha Shangazi na wasichana aliowakusanya mtaani kuwafundisha kompyuta. Wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka alikuwa Kabula, msichana wa Kisukuma aliyekuwa amepanga chumba jirani na kwetu. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi huko Nyamigogo. Kabula alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, na baba yake naye anasubiri, ila yeye alikuwa akisubiri mchumba. Kabula alimwita mwalimu wake "Dada Lukia," na Swedi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuandika barua bila makosa, alicheka kila alipoisikia ile l.

Mashine ile haikuwa nyepesi kwa kazi hiyo. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mpira na bunduki, na upande wa Shangazi ulipata kumbukumbu kidogo mno. Kabula alikuwa akifungua programu ya kuandikia, anakwenda bombani na ndoo, anarudi na maji kichwani, na programu bado inafunguka. Hakuna aliyelalamika. Shangazi mwenyewe, wasichana wakiondoka, alibaki akiandika programu yake: gemu la kujifunzia kuandika, herufi zinaanguka kutoka juu kama mvua na wewe unazidaka kwa vidole kabla hazijafika chini. Ukifaulu herufi, zinakuja maneno, na maneno aliyoyaweka yalikuwa yetu: muhogo, ndama, mnada, Nyakanazi. Mwalimu wake wa chuo alikuwa amemwambia kwamba akirudi na kazi kamili atamtetea aruhusiwe kumalizia masomo.

"Gemu la wasichana," wavulana walisema. "Halina hata bunduki."

Swedi alicheka nao kwanza. Kisha mtu mmoja msikitini akamsifu kwa kuwa na kompyuta, na ghafla ikawa kazi ya mikono yake. Alisimulia kwenye vijiwe vya kahawa jinsi alivyokaa akaifungua pleistesheni na kuigeuza kompyuta. Alisimulia mpaka habari ikamfikia diwani, na diwani akasema atakuja Jumamosi kuwaona hao wasichana wakiandika, maana shule ya kata ilikuwa na chumba kitupu na yeye alikuwa anatafuta jambo la kukifanyia.

Wiki hiyohiyo Shangazi alipigiwa simu na rafiki yake wa chuo. Nilimsikia akimweleza Swedi barazani.

"Wametoa apdeti mpya ya hizi mashine. Ukiikubali, inaondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine. Sehemu yangu yote inafutwa. Ikikuuliza, kataa."

"Unanifundisha mashine yangu?"

"Nakuambia ukatae."

"Nimesikia. Mimi ndiye Injinia hapa."

Ijumaa baada ya swala, basi la Mwanza lilileta diski ya mpira mpya, wenye wachezaji wa msimu ule. Chumba kilijaa mpaka wengine wakaning'inia madirishani. Shangazi alikuwa amekwenda sokoni. Mimi na Kabula tulisimama mlangoni. Swedi alitumbukiza diski, na badala ya mpira yakaja maneno ya Kiingereza, mengi.

"Inataka apdeti kwanza," mvulana mmoja alisema.

Kabula alisogea mbele akasoma kwa sauti, polepole, akiyageuza kuwa Kiswahili. "Inasema ukikubali, mfumo mwingine hautafanya kazi tena. Vitu vyake utavipoteza. Baba mdogo, hii ndiyo ile aliyosema Dada Lukia."

Swedi hakumtazama. "Lukia," alirudia, na wavulana wakacheka. "Tangu lini wachunga ng'ombe wakanisomea mimi Kiingereza?"

"Kataa tu, tucheze ule wa zamani," Kabula alisema.

"Wa zamani kacheze na ndama zenu."

Akabonyeza. Nimekwisha kukutana na watu wabaya, nimeibiwa, nimedanganywa na watu wenye akili, na wote nawaelewa kidogo. Yule mtu aliyeketi pale sijamwelewa hadi leo. Hakuwa na chuki. Hakuwa hata na hasira. Alikuwa amepewa nafasi ya kuchagua kati ya kazi ya dada yake ya miezi mingi na makofi ya wavulana wa mtaani, na hakuona kwamba kulikuwa na cha kuchagua. Mstari mdogo ulijaa taratibu kwenye kioo, mashine ikazimika, ikawaka, mpira ukaanza, na makofi akayapata.

Jumamosi diwani alikuja akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Kabula alikuwa amekwisha kumweleza Shangazi, lakini Shangazi alitaka kuona mwenyewe. Aliwasha mashine mbele ya mgeni, akaingia kwenye mipangilio, akapekua mstari kwa mstari. Mahali pake hapakuwepo. Alianza tena juu, akashuka mpaka chini.

"Mheshimiwa," Swedi alisema huku akivua miwani, jambo alilolifanya kwa wakubwa tu, "nasikitika. Dada yangu huyu amekuwa akiichezea mashine na mimi nilimkataza. Imeharibika upande wa kompyuta. Wanawake na vitu vya umeme, unajua mwenyewe."

Diwani alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu asiyesikitika. Akauliza kama basi anaweza kuonyeshwa huo mpira. Wakampa rimoti, akafungwa na mtoto wa muuza mkaa, akasema rimoti ina kasoro. Chumba kitupu cha shule ya kata hakikutajwa tena.

Shangazi alichomoa kibodi yake, akaviringisha waya, akatoka kupitia uani. Nilimfuata nikilia kwa sauti. Nilikuwa nimechungulia kioo, na kunguru wetu hawakuwepo.

"Shangazi, sasa fungu lako limekwisha?"

"Fungu gani?"

"La Babu. Lililokuwa ndani ya mashine. Ulisema kubwa la Swedi, dogo lako."

Nilitegemea anitazame kama kawaida yake. Badala yake aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akabaki anatazama kibodi iliyokuwa mapajani. Bibi alikuwa jikoni. Alikuwa amesikia, kwa sababu alitoka akiwa bado na mwiko mkononi.

"Mtoto hajakosea," Bibi alisema. "Ndilo pekee ulilopewa katika nyumba hii. Na hilo nalo kalifuta."

"Programu yangu ninayo, Mama," Shangazi alijibu. "Ipo kwenye flashi, kila siku nilikuwa natoa nakala. Mimi niache kazi yangu mikononi mwa Swedi? Kitu pekee nilichomwachia ni mali ya baba."

Uji ulichemka ukamwagikia jiko, na Bibi hakugeuka.

"Nitakusindikiza," alisema hatimaye. "Jumatatu. Mimi ni mjane wake, nami sijaona changu."

Walikwenda Mahakama ya Mwanzo wao wawili, Bibi amevaa buibui lake la sikukuu. Shauri lilichukua muda, kama mashauri yote, lakini siku iliyokuwa na maana ilikuwa moja, na mimi nilikuwepo kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Swedi alikuja amevaa koti la suti. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alimuuliza marehemu aliacha nini.

"Nyumba, mheshimiwa. Na duka."

"Umegawaje?"

"Bado inaendelea. Hilo ni la kitaalamu."

"Kugawa nyumba ya baba yako ni jambo la kitaalamu?"

Swedi alitazama pembeni, lakini mahakamani hapakuwa na barabara ya kutazama.

Baba yangu aliitwa, akasema hakumbuki vizuri yaliyozungumzwa kwenye kikao cha ukoo. Aliulizwa tena, akasema kwamba wote ni ndugu zake. Nilimpenda baba yangu, na siku ile nilitamani awe baba wa mtu mwingine.

Kisha akasimama Bibi. "Mume wangu aliacha watoto watatu," alisema. "Mkubwa hakuomba, mdogo alinyimwa, wa katikati alijipakulia chungu chote. Mimi ndiye niliyewazaa. Kama kuna anayesema nasema uongo, asimame aseme nikimtazama."

Hakuna aliyesimama. Swedi aliondolewa usimamizi, mgawanyo ukafanywa upya, na kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya hakimu, chumba cha mbele pamoja na kibaraza chake kikawa cha Shangazi Rukia.

Siku ya pili yake Swedi alimfuata barazani akiwa na tabasamu. Miwani alikuwa ameipandisha kichwani.

"Dada yangu, sisi ni damu moja. Tuendelee vilevile. Wewe asubuhi na herufi zako, mimi mchana na gemu. Hata ile sehemu yako naweza kukurudishia."

"Hairudi, Swedi. Ukishakubali, hairudi."

"Nani kasema?"

"Kabula alikusomea."

Alicheka, akangoja acheke naye. Alipoona hacheki, alisema, "Sasa mashine nitaiweka wapi?"

"Sijui. Itoe kabla ya adhuhuri."

Akaitoa. Wavulana waliompigia makofi hawakuonekana kumsaidia. Alibeba televisheni mwenyewe, amekumbatia kioo kifuani, waya ukiburuzika nyuma yake kwenye vumbi. Alipanga kibanda karibu na stendi, kikafa baada ya msimu mmoja wa mvua.

Shangazi alimpangisha chumba mama mmoja muuza mbegu na dawa za mifugo, na kodi yake ndiyo iliyomrudisha chuoni. Alimaliza. Kabula alifaulu vizuri kuliko baba yake alivyotaka. Leo tunafundisha shule moja huku Bugarama, yeye hesabu na mimi Kiswahili, na wanafunzi wetu hudaka herufi kwa gemu la Shangazi kwenye kompyuta mbili za zamani ambazo hazijui kucheza mpira.

Mimi nilibaki Biharamulo miaka mingine kadhaa, nyumba moja na Swedi, mpaka nilipokwenda bweni. Neno Injinia sikulitamka tena, na yeye hakuuliza kwa nini. Lakini kila asubuhi, nikitoka kwenda shule, nilimkuta kwenye benchi lake uani, nikapiga goti nikamwambia, "Shikamoo, Baba Mdogo." Naye aliitika marahaba kwa kishindo, ameridhika, hajui kwamba nilikuwa nauamkia umri wake tu.